Old Shinyanga: Mji Uliogeuka Kitongoji

Tunapowasha taa za maadhimisho ya hekalu letu, ni haki tukumbuke kwanza mahali ambapo mji wetu ulipata jina lake. Wageni huijua Shinyanga kwa almasi na dhahabu. Wachache hufika Old Shinyanga, kata tulivu upande wa kaskazini wa manispaa, na wachache zaidi huuliza imekuwaje mji mkongwe ukawa kitongoji cha mdogo wake.

Jibu ni reli. Njia kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo haikupitia makao yale ya zamani. Maduka yakafuata stesheni, maghala ya pamba yakafuata maduka, na wazee wetu, walioishi kwa kununua pamba na kuuza nguo, chumvi na mafuta ya taa, wakafuata riziki. Waliobaki nyuma walikuwa wakulima na wafugaji, ambao ardhi yao haihamishiki kwa mkokoteni.

Hata hivyo, kazi kubwa ya wilaya ilifanywa na watu hao. Mbung'o walikuwa wameteka malisho, na ng'ombe walikufa kwa nagana. Mtemi Makwaia aliwaita watu wake wafyeke vichaka, akishirikiana na C.F.M. Swynnerton, ambaye idara yake ya utafiti wa mbung'o ilifanya makao Shinyanga katika miaka ya 1930. Mifugo ikarudi, pamba ikaongezeka. Lakini miti haikurudi, na mvua zikaanza kuchukua udongo. Deni hilo lilianza kulipwa mwaka 1986 kwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao haukuleta elimu ngeni bali ulifufua ngitili, desturi ya Wasukuma ya kutenga malisho yapumzike.

Mwaka 1940 John Williamson, mwanajiolojia kutoka Kanada, aligundua almasi Mwadui. Mwanasheria wa Mwanza, I.C. Chopra, akawa mshirika wake. Kutoka mgodi huo ilitoka mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi, karati 54, aliyozawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza. Jamii yetu hupenda kusimulia habari hiyo, nasi tunakiri kwamba hatusimulii mara nyingi kiasi hicho habari za waliofyeka vichaka.

Katika miji ya wakoloni kulikuwa na Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Tuliuziana bidhaa kila siku, lakini jioni kila mmoja alirudi kwake. Serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha mwaka 1971, familia nyingi za Kihindi nchini zilifunga mizigo. Wakati ule sisi tulijifunza walichokwisha kujifunza watu wa Old Shinyanga: kwamba mji waweza kumwacha mtu nyuma. Waliobaki walibaki kwa sababu majirani walikuwa wamekuwa ndugu.

Ndiyo maana sherehe hii si ya wanachama peke yao. Wazee wa Old Shinyanga wangali na kumbukumbu za vichaka, za stesheni na za maduka ya kwanza. Tunawakaribisha waje wakae nasi uani, watusimulie. Mji usiojua ulikotoka hupotea hata ukiwa na almasi, na nusu ya historia yetu imehifadhiwa vifuani mwao.