Kabla ya Kununua Samaki wa Pambo, Pima Tangi na Maji Yako

Waswahili husema mchagua nazi hupata koroma. Kwa samaki wa pambo mambo ni kinyume: asiyechagua ndiye azikaye. Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Miaka kadhaa nyuma, sikukuu ya Idi, nilimnunulia binti yangu samaki wawili wa dhahabu pamoja na bakuli la kioo la duara. Muuzaji aliniambia kazi yangu ni kubadilisha maji tu. Siku ya nne tuliwazika wote wawili chini ya mpera, na mtoto akaniuliza, "Baba, tuliwakosea nini?"

Sikuwa na jibu siku ile. Leo ninalo, nami nawapa wazazi wenzangu ambao watoto wao wameanza kuomba tangi la samaki sebuleni. Kosa langu lilikuwa kuchagua samaki kwa macho. Samaki huchaguliwa kwa kutazama kwanza tangi ulilonalo na maji yanayotoka nyumbani kwako.

Anza na tangi

Bakuli la duara si makao ya samaki. Lina maji machache na halina chujio. Wengi wetu hudhani tangi likiwa dogo zaidi ndivyo kazi inavyopungua, kumbe uchafu kidogo katika maji machache hugeuka sumu upesi. Kwa anayeanza, lita 40 hadi 60 zinatosha.

Kujua tangi lako ni lita ngapi, zidisha urefu kwa upana kwa kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 35 ni lita 63. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo tafuta meza imara. Usiliweke dirishani penye jua. Maji yatapata moto na kugeuka kijani.

Kisha tazama maji

Mombasa, maji mengi ya mfereji hutoka mbali, Mzima kule Tsavo na Baricho kule Kilifi. Nyumba nyingi nazo hutegemea visima, na kisima kilichochimbwa kwenye mawe ya matumbawe hutoa maji yenye chokaa, mengine ya chumvi chumvi. Kipimo chako kiko jikoni: sabuni ikikataa kutoa povu upesi na birika likashika ukoko mweupe, maji yako ni magumu.

Hilo lisikuvunje moyo. Kuna samaki wanaoyapenda maji hayo, kama gapi, plati na moli. Moli huvumilia hata chumvi kiasi. Neoni tetra, yule mdogo mwenye mstari wa buluu unaong'aa, asili yake ni maji laini ya Amazon. Birika lako likishika ukoko, mwache dukani.

La pili ni joto. Maji ya tangi katika nyumba zetu hukaa kwenye nyuzi 26 hadi 30, na samaki wa nchi za joto hawahitaji hita. Samaki wa dhahabu hupenda maji ya baridi zaidi, hukua kupita sentimita 15, na huchafua maji sana. Wale wangu wa Idi walikuwa wamehukumiwa tangu dukani.

La tatu ni dawa. Maji ya mfereji hutiwa klorini, nayo huwadhuru samaki. Yaache kwenye ndoo wazi kwa siku nzima, au tumia dawa ya kuondoa klorini inayouzwa kwenye maduka ya samaki.

Subira ya mwezi mmoja

Hapa ndipo wengi tunapoanguka. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria wazuri wanaoigeuza mpaka ikawa kitu kisicho na madhara makubwa. Bakteria hao hujenga makao yao kwenye sponji la chujio, na huchukua wiki nne hadi sita kutosha. Tangi jipya halinao.

Washa chujio, tia chembe ndogo za chakula kana kwamba samaki wamo, na ungoje. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji lake, kitafupisha safari. Na sponji lako usilioshe kwa maji ya mfereji, maana klorini itawaua bakteria. Likamue ndani ya ndoo yenye maji ya tangi lenyewe.

Wa kuanza nao

Chagua kundi moja kati ya haya, usiyachanganye yote.

Gapi: madume watano au sita kwa lita 40. Wana rangi na ni wachangamfu. Nasisitiza madume, kwa sababu jike huzaa takriban kila mwezi, na anaweza kufika kwako akiwa tayari ana mimba.

Plati: dume mmoja na majike wawili au watatu kwa lita 60. Jiandae na watoto. Moli ni mkubwa zaidi, na lita 60 kwake ndio mwanzo.

Beta: dume mmoja, peke yake. Madume wawili watapigana hadi mmoja afe. Ana kiungo kichwani kinachomwezesha kuvuta hewa juu ya maji, kwa hivyo stima ikipotea usiku kucha ana nafasi nzuri kuliko wenzake. Funika tangi, kwani huruka, lakini acha hewa ipite.

Wa kuwaacha

Pleko huuzwa kama msafishaji wa tangi akiwa na urefu wa kidole. Wengi wao hupita sentimita 30. Oska naye hufika hapo, na huwameza wadogo. Samaki malaika anahitaji tangi lenye kina kirefu.

Na wa baharini je? Tangu filamu ya Finding Nemo ya 2003, watoto wanamtaka yule wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe. Bahari ina chumvi gramu 35 hivi kwa lita. Katika tangi dogo maji yakipungua kwa joto, chumvi hupanda na samaki huumia. Usimtoe mwambani. Katika mbuga za baharini kama Malindi na Watamu, zilizoanzishwa 1968, kuvua ni marufuku.

Siku ya kununua

Mtazame anavyoogelea: asiegemee upande, mapezi yawe wazi, asiwe na vidoadoa vyeupe. Tangi la duka likiwa na maiti, rudi nyumbani. Nunua watatu kwanza, wengine baada ya wiki mbili. Eleza mfuko juu ya maji yako kwa dakika 15, ongeza maji ya tangi kidogo kidogo, kisha mtoe kwa kijavu. Maji ya duka usiyamwage ndani.

Lisha kiasi watakachomaliza kwa dakika mbili. Kila wiki badilisha robo ya maji. Stima ikikatika, usilishe mpaka irudi.

Ni amana

Kufuga si haramu. Wanazuoni wametoa dalili katika kisa cha mtoto Abu Umayr na ndege wake mdogo. Lakini tunakijua pia kisa cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Samaki ndani ya kioo hana pa kwenda.

Ukichoka nao, mpe mwenzio au warudishe dukani. Usiwamwage mtoni wala kidimbwini. Sangara alipoingizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, samaki wengi wa asili wa ziwa lile walitoweka.

Binti yangu sasa ana gapi watano, madume watupu, katika tangi la lita 40. Mwezi mzima alikaa akitazama tangi tupu na kuninung'unikia. Sasa kila asubuhi huwahesabu kabla ya kwenda shule, na mpaka leo hesabu haijapungua, alhamdulillahi.