Pikapu Isiyokwama: Uimara wa Injini na Ukaguzi wa Magari Kericho na Bomet

Katika kaunti za Kericho na Bomet, pikapu kuukuu hupimwa kwa mambo mawili: kama inawaka alfajiri ya baridi, na kama itapanda mlima ikiwa na shehena wakati barabara ya udongo imelowa. Ndiyo inayobeba maziwa, viazi, mbolea na mahindi ya shule. Muulize mwenyewe kuhusu hali ya gari lake, naye atakueleza habari za injini. Hoja yangu ni kwamba sifa hiyo ya kutokwama ndiyo inayoficha uchakavu unaoua watu, na kwamba ukaguzi wa mara moja kwa mwaka hautoshi kuufichua.

Chukua Toyota Hilux yenye injini ya dizeli ya 3L, ya sentimita za ujazo 2779. Haina kompyuta. Pampu yake ni ya kimakanika, na fundi stadi wa Sotik au Kapkatet anaweza kuifungua, kuisafisha na kuirudisha kazini. Injini ya namna hii ikiugua hutangaza: hutoa moshi, hukosa nguvu mlimani, huchemsha maji. Mwenye gari hulazimika kuitibu kwa sababu bila injini hakuna mapato. Lakini boljointi iliyolegea, tairodi iliyochoka na fremu inayoliwa na kutu chini ya tope havizuii safari ya leo. Kwa hiyo fedha za matengenezo huelekea kwenye injini, mwaka baada ya mwaka. Kiwango cha Kenya KS 1515 huzuia kuingizwa nchini kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka 8, lakini hakisemi gari hilo liondoke barabarani lini. Kwa vitendo, anayeamua ni injini.

Kuna rekebisho moja linalostahili kuchunguzwa kwa makini. Mifuko 30 ya mbolea ya kilo 50 ni tani moja na nusu, uzito unaozidi kile ambacho pikapu ya kawaida imeundwa kubeba. Ili gari lisiiname nyuma, fundi huongeza mapande ya springi. Hilux nyingi za zamani zina vali inayogawa nguvu ya breki kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, nayo huutambua mzigo kwa jinsi sehemu ya nyuma inavyoshuka. Springi zikikazwa, nyuma haishuki. Vali huchukulia kwamba gari ni tupu na kuzinyima breki za nyuma nguvu, hasa pale mzigo unapokuwa mkubwa kupita kiasi. Machoni pa mwenyewe gari limeimarishwa, kumbe breki zimepunguzwa.

Sasa fikiria mteremko. Ukiacha msaada wa injini na ukinzani wa hewa, kila mita 100 za kushuka huziletea breki joto sawa na la kulisimamisha gari mara nne kutoka kasi ya kilomita 80 kwa saa. Kutoka mji wa Kericho hadi Awasi barabara hushuka mamia ya mita. Mafuta ya breki ya kiwango cha DOT 3 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi; yakishanyonya maji, kiwango hicho hushuka hadi 140. Nchi ya chai ni nchi ya mvua karibu mwaka mzima, na mafuta haya hunyonya unyevu kutoka hewani. Yakichemka, kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupunguza mwendo. Lakini mtambo wa kupimia breki katika kituo cha ukaguzi hupima breki baridi, mahali tambarare, gari likiwa tupu.

Hapo ndipo Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inapopungukiwa. Pikapu ya biashara inatakiwa kukaguliwa kila mwaka, na hilo ni jambo jema. Lakini siku ya ukaguzi hujulikana mapema, na wako wanaoazima matairi mazuri kwa siku hiyo na kuyarudisha jioni.

Mtafiti mwenzangu anaweza kuniwekea mbele utafiti wa Christensen na Elvik wa mwaka 2007 kuhusu Norwe, ambao haukuona ukaguzi wa mara kwa mara ukipunguza ajali. Hoja hiyo ni nzito. Hata hivyo, utafiti huohuo ulionyesha kwamba hitilafu za gari zinaambatana na ongezeko la ajali, na kwamba ukaguzi huzipunguza hitilafu hizo. Tena Norwe haina barabara zinazofanana na za Konoin wala magari yanayozidishiwa mizigo kwa desturi. Ninachokubali kutokana nao ni kwamba cheti peke yake hakiokoi mtu. Na wanaohitaji kuokolewa si walio ndani ya gari tu: mnamo tarehe 30 Juni 2023, lori liliacha njia katika makutano ya Londiani na kuua zaidi ya watu 50, wengi wakiwa wachuuzi na wasafiri waliokuwa kando ya barabara. Usalama wa gari haumhusu mwenye gari peke yake.

Uingereza ilianza ukaguzi wake wa lazima mwaka 1960, na leo mtu yeyote mwenye namba ya gari anaweza kusoma lilishindwa lini na kwa sababu gani. Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ifanye vivyo hivyo: kila sababu ya kushindwa iandikwe chini ya namba ya gari na isifutwe cheti kinapotolewa. Wakaguzi wakague springi na vali ya breki pamoja, na wapime maji yaliyomo katika mafuta ya breki. Kifaa cha kazi hiyo hutoshea mfukoni. Nawe unayetaka kununua pikapu kuukuu, ukiambiwa haijawahi kukwama, uliza mafuta ya breki yalibadilishwa lini, kisha ingia chini uhesabu mapande ya springi.