Damu ya Pwani na Sahifa za Anthony Allison

Ukisimama Liwatoni, Mombasa, saa ya alasiri, penye gati la wavuvi na mahali palipofunguliwa mwaka 2021 daraja lielealo la kuvukia hadi Likoni, utawaona watu wa kisiwani na wa ng'ambo wakipishana kwa wingi, na wala haitakupitia akilini kuwa katika umati ule wamo ambao damu yao ina siri iliyomshughulisha mwanazuoni mmoja, marehemu Anthony Allison, tangu ujana wake, ikamfanya aandike sahifa ambazo tabibu wa zama zetu hana budi kuzisoma.

Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925, akalelewa Gilgil katika Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa angali mwanafunzi wa Oxford, alifuatana na msafara wa chuo hicho uliokuja Mlima Kenya, na wenziwe walipokuwa wakikusanya mimea na wadudu, yeye alikusanya damu za makabila mbalimbali. Aliyoyakuta yalimstaajabisha: huku pwani, na kule kandokando ya Ziwa Viktoria, watu wenye alama ya seli mundu, yaani waliorithi hitilafu hiyo kwa mzazi mmoja tu, walizidi 20 katika kila 100, ilhali katika nyanda za juu hawakufikia hata mmoja. Akajiuliza: maadamu mtoto aliyeirithi kwa wazazi wote wawili aghalabu hufa mapema, mbona hitilafu hii haijatoweka duniani? Jawabu lililomjia ni mbu, kwani palipokuwa na malaria kali ndipo palipokuwa na damu ile.

Dhana tupu haikumtosha. Mwaka 1953 alirejea Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata jarida la British Medical Journal likachapisha matokeo yake. Miongoni mwa watoto 290 aliowapima Buganda, vimelea vya malaria vilionekana kwa 12 katika 43 wenye alama, na kwa 113 katika 247 wasiokuwa nayo. Tena aliwatia malaria kwa makusudi wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea: katika 15 wasio na alama vimelea vilishika kwa 14, na katika 15 wenye alama kwa wawili tu. Jaribio hilo, niseme wazi, baraza la maadili la leo lisingeliidhinisha. Na umashuhuri wote ulimwendea Allison, si waliotoa mikono yao ikadungwa sindano.

Ajabu ni kuwa hakuishia hapo. Baada ya kuongoza maabara ya kimataifa ya maradhi ya mifugo mjini Nairobi, kuanzia 1978 hadi 1981, alihamia California, na huko yeye na mkewe Elsie Eugui, mjuzi wa elimu ya kinga kama yeye, wakatafuta dawa ya kuituliza kinga pasipo kuudhuru mwili mzima. Waliwazingatia watoto wanaozaliwa bila kimeng'enya fulani, ambao chembe zao za kinga hukosekana hata maradhi madogo yakawaua. Ili kuzizuia chembe hizo kwa dawa, wakaifufua asidi aliyoigundua Mtaliana Bartolomeo Gosio mwaka 1893 katika ukungu wa mahindi yaliyoharibika. Dawa iliyotokana nayo, mikofenoleti, iliidhinishwa Marekani mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo, na matabibu wa uboho nao huitumia kuzizuia chembe za mtoaji zisimshambulie mpokeaji.

Huku kwetu Kilifi, kaskazini ya Mombasa, Thomas Williams na wenziwe wa kituo cha utafiti cha KEMRI walionyesha mwaka 2005 kuwa hifadhi itokanayo na alama ile huongezeka kwa umri, kutoka asilimia 20 katika miaka miwili ya mwanzo hadi asilimia 56 mtoto akaribiapo miaka kumi. Dalili kwamba chembe nyekundu hazipigani peke yake, bali na kinga ya mwili hufunzika.

Na wale waliourithi ugonjwa wenyewe? Mwaka 1984 ilitangazwa Marekani kuwa msichana aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu alipona na seli mundu pia. Allison alifariki mwaka 2014, kabla tiba hiyo haijafika Dodoma. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza kuwapandikiza uboho watoto wenye seli mundu, uboho waliopewa na ndugu zao.