Upigaji picha za tiba: Ijue njia ya dawa kabla ya kudunga sindano

WANAFUNZI wengi wa upigaji picha za tiba hudhani kwamba elimu ya dawa ni ya wauguzi na wafamasia pekee. La hasha! Anayemdunga mgonjwa dawa ya kung'arisha picha amempa dawa kamili, na ikileta madhara, yeye ndiye aliye karibu.

Elimu hii, yaani famakolojia, huuliza maswali makuu mawili: dawa huufanyia mwili nini, nao mwili huifanyia dawa nini? Jibu la swali la pili lina hatua nne: kufyonzwa, kusambaa, kugeuzwa, hasa kwenye ini, na kutolewa.

Bariamu salfeti, ambayo mgonjwa hunywa ili utumbo uonekane, haiyeyuki wala haifyonzwi. Hutoka na kinyesi. Hiyo ndiyo salama yake, kwani chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu. Hata hivyo, utumbo ukishukiwa kutoboka haitumiwi.

Dawa za iodini zinazodungwa mshipani huruka hatua ya kufyonzwa. Ini haizigeuzi, figo ndizo huzitoa karibu zote. Figo zikiwa nzima, nusu ya dawa huondoka kwa muda wa takriban saa mbili. Zikiwa dhaifu, hukawia. Ndiyo sababu kipimo cha kreatinini hutazamwa mapema.

Mgonjwa wa kisukari mwenye figo dhaifu sana huacha metformin kwa saa 48 baada ya sindano. Dawa hizo mbili hazipigani. Hofu ni kwamba figo zikilemewa, metformin italimbikizana na damu kujaa asidi.

Historia inatoa onyo. Thorotrast, dawa yenye thoriamu iliyotumiwa tangu miaka ya 1930 hadi ya 1950, iling'arisha picha vizuri mno. Lakini mwili haukuweza kuitoa. Ilibaki katika ini ikitoa mnururisho, na miaka mingi baadaye wengi wakapata saratani.

Kuhusu mzio, kudhurika na samaki si kizuizi cha iodini. Swali la msingi ni: 'Umewahi kudhurika na dawa kama hii?' Athari kali huanza aghalabu ndani ya nusu saa, hivyo mgonjwa asiachwe peke yake. Shinikizo la damu likishuka na pumzi kubana, tiba ya kwanza ni adrenalini kwenye msuli wa paja.

Kabla ya sindano, basi, mwanafunzi ajiulize: dawa hii itapita wapi, itatokea wapi, na je, mlango huo u wazi?