Sounds of Sisso: kelele za Mburahati zilivyozunguka Kampala kabla ya kufika Kimbiji

Mwaka 2017 lebo changa ya Kampala, Nyege Nyege Tapes, ilitoa mkusanyiko wa nyimbo kutoka studio moja ndogo ya Mburahati, jijini Dar es Salaam. Ukaitwa Sounds of Sisso, kwa jina la prodyuza mwenye studio. Wahakiki wa Ulaya walihangaika kuupa jina: mmoja alisikia tekno iliyopagawa, mwingine akasikia panki, mwingine kelele tupu zilizopangwa na mtu mwenye akili nyingi. Mtu wa Mbagala au Manzese hakuhangaika. Kwake hiyo ilikuwa singeli, ile ile iliyomnyima usingizi tangu Ijumaa.

Nimeusikiliza mkusanyiko huo Kimbiji, pwani ya kusini ambayo zamani ilikuwa Temeke na sasa iko Wilaya ya Kigamboni. Nyimbo nyingi zinavuka mapigo 200 kwa dakika, nyingine zinakaribia 300, na bongo fleva ya kawaida iko chini sana ya hapo. Kipande kifupi cha kinanda kinakatwa, kinarudiwa, kinavutwa juu hadi kinalia kama filimbi. Makofi na ngoma za kompyuta zinamwagika bila kituo. Juu ya hayo yote kuna MC anayechana kwa kasi ya mnadi wa mitumba. Kwenye spika ndogo ya kuchaji, besi yote inaliwa na upepo wa bahari na kubaki makali ya juu tu. Muziki huu unataka sabufa na uwanja.

Bodaboda mmoja aliyekuwa akisubiri abiria alisogea. Kasi haikumshangaza hata kidogo. "Braza, hebu rudisha hapo, huyo kasemaje?" Alitaka maneno, na swali lake linafaa kubaki kichwani tunapoipitia historia hii.

Kelele za Dar zina ukoo mrefu kuliko kompyuta. Pwani ya Wazaramo, Kimbiji ikiwemo, ilikuwa na mdundiko, ngoma ya kutembea: wapigaji wanaongoza, watu wanafuata nyuma wakicheza mtaa hadi mtaa, na idadi inaongezeka kila kona. Ngoma ya namna hiyo lazima isikike mbali, maana kusikika kwake ndiyo kadi ya mwaliko. Miaka ya 1990 vijana wa uswahilini waliendeleza hitaji hilo kwa umeme. Walichukua vinanda vidogo vya Casio, vile vya bei nafuu ambavyo kwingine vilionekana vya kufundishia watoto, wakavichomeka kwenye amplifaya chakavu na mahoni, wakaweka ngoma pembeni. Huo ndio mchiriku. Sauti ilipasuka kwa sababu vyombo vilisukumwa kupita uwezo wake, na wapenzi wakaizoea hivyo hivyo, hadi mchiriku uliosafishwa ukawa hauna ladha. Wakubwa waliuita muziki wa wahuni. Jagwa Music, kundi maarufu la mtindo huo, lilisubiri hadi 2012 ndipo albamu yake Bongo Hotheads itolewe na Crammed Discs, kampuni ya Ubelgiji.

Halafu vikaja vigodoro, sherehe za kukesha mtaani zenye muziki mnene na uchezaji uliowafanya viongozi wazipige marufuku mara kadhaa. Hapo wapiga disko walikuwa na tatizo la kikazi: saa tisa usiku watu wanachoka. Wakachukua taarab iliyokwisha kupendwa, wakatafuta kipande kisicho na mwimbaji, wakakizungusha na kukiongeza kasi. Sauti ilipanda kwa sababu kanda au faili likikimbizwa hupanda, na MC akapata nafasi ya kusalimia wenyeji, kutaja waliotunza na kusema shida za mtaa. Kompyuta zilipoingia na programu kama FL Studio na Virtual DJ, prodyuza hakuhitaji tena taarab ya mtu. Alijenga kipande chake mwenyewe na kukikimbiza tangu mwanzo, na hiyo ndiyo singeli.

Kuanzia hapo historia inagawanyika. Njia ya kwanza ilikwenda redioni. EFM, iliyoanza Dar mwaka 2014, iliipa singeli muda hewani wakati wengi waliona aibu, na kufikia 2016 wimbo wa Man Fongo, Hainaga Ushemeji, ulikuwa midomoni mwa watoto wa shule. Msaga Sumu na Sholo Mwamba nao wakawa majina ya kitaifa. Njia ya pili ilipitia Mburahati kwenda Kampala, na baadaye majukwaa ya Ulaya, ikiwa na Bamba Pana, Makaveli, Jay Mitta na Sisso mwenyewe.

Mkusanyiko wa 2017 unawakilisha njia ya pili tu, jambo ambalo msikilizaji wa mbali hawezi kulijua. MC wapo, tena hodari, lakini masikioni mwa mtu wa Berlin maneno yao ni mdundo mwingine miongoni mwa midundo. Mwaka 1978 Brian Eno alikusanya bendi nne za New York kwenye albamu ya No New York, na ile kelele ilikuwa uamuzi: wanamuziki waliochoshwa na roki nzuri walitaka kuikwaruza. Wengi waliisikiliza Sounds of Sisso kwa masikio hayo, wakadhani Mburahati nayo inagoma dhidi ya kitu fulani. Ilikuwa inachezesha harusi.

Hata hivyo siwalaumu watu wa Kampala, na nadhani deni letu kwao ni kubwa. Singeli ilikuwa ikisafiri kwa flashi na memori kadi, ikifutwa kila nafasi ilipojaa. Beti la kigodoro cha mwezi uliopita lilikuwa halina thamani kwa mtu yeyote. Bila lebo ile, sehemu kubwa ya kazi za studio ya Sisso ingeishia kwenye simu zilizoanguka majini pale Feri. Kinachouma ni kwamba mara mbili, kwa mchiriku na kwa singeli, mtunzaji alitoka nje, na mara zote mbili alitunza kilichomvutia yeye.

Kilichomvutia kimeendelea kuzaa. Poaa ya Bamba Pana ilitoka 2018, Uingizaji Hewa ya Duke wa Pamoja Records ikafuata 2019, na mwaka 2022 kijana DJ Travella akatoa Mr Mixondo, ambamo prodyuza ndiye nyota na mwimbaji karibu hahitajiki. Huku nyumbani mambo yamekwenda kinyume: Dullah Makabila anasikilizwa kwa vijembe vyake, na watu wanabishana kuhusu nani kasemwa. Kwa bodaboda wa Kimbiji, nilirudisha wimbo kama alivyoomba. Alisikiliza, akacheka kwa kilichosemwa, kisha akauliza kama ninao mwingine wa MC yule yule.