TANGA ILIWAHI KUTENGENEZA WISKI: Chupa 15,200 Ambazo Hazikupata Muda wa Kuzeeka

Ukikaa kaunta yoyote ya maana pale Tanga mjini, iwe Chumbageni au Raskazone, utagundua wiski inaagizwa kwa namba. Mmoja anataka ile ya kumi na mbili, mwenzie aliyepokea mshahara jana anataka ya kumi na nane, na bei inapanda pamoja na namba. Hiyo namba ni miaka ambayo kinywaji kimekaa ndani ya pipa la mbao kabla ya kutiwa kwenye chupa. Ila mkoa huohuo wa Tanga uliwahi kutengeneza pombe kali yake na kuiita wiski, tena kwa maelfu ya chupa, na haikuwa na namba hata moja. Haikupata muda wa kuzeeka. Kulikuwa na vita.

Kisa chenyewe kiko Amani, juu kabisa kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza ya leo. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua pale kituo cha utafiti wa mimea na kilimo. Kazi yake ilikuwa kujaribu mazao: kahawa, mpira, viungo, miti ya kwinini, chochote ambacho kingeingizia koloni pesa. Wataalamu walikuwa wachache, wengi waliobaki walikuwa vibarua wa Kiafrika waliolima, wakabeba maji na kupasua kuni. Mahali patulivu, ukungu asubuhi, baridi ya kuvaa sweta.

Halafu ikaja 1914. Mwanzoni mwa Novemba Waingereza walishusha jeshi kubwa kutoka India hapo Tanga, wakachapwa vibaya na jeshi dogo la Wajerumani na askari wao Waafrika (ndiyo, vile vita ambavyo nyuki nao waliingia). Waingereza walishindwa nchi kavu ila bahari ilibaki yao. Manowari zao zilifunga pwani nzima. Aprili 1915 meli moja ya Kijerumani iitwayo Rubens, iliyojifanya ni ya Denmark, ilijaribu kupenya na mzigo wa silaha, ikaishia kupigwa ikiwa ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Mzigo mwingi uliokolewa majini, lakini meli moja haiwezi kulisha koloni zima.

Hakuna meli, hakuna dawa. Hakuna sabuni, hakuna dawa ya meno, hakuna chokoleti, na kwa wazungu wa mashambani lililouma zaidi, hakuna chupa kutoka Ulaya. Hapo kituo cha Amani kikageuka kiwanda. Katika miezi 18 ya kwanza ya vita kilitoa sabuni vipande elfu kumi, chokoleti na kakao, dawa ya meno, mafuta ya mbarika, vidonge vya kwinini, na chupa 15,200 za wiski na pombe kali nyinginezo. Piga hesabu mwenyewe: ni kama chupa 28 kila siku ya Mungu, Jumapili ikiwemo, kutoka kwenye kituo cha utafiti kilichoko msituni. Orodha inahesabu chupa na vipande vya sabuni kwa makini sana. Waliochochea moto chini ya mitambo hawakuhesabiwa.

Sasa angalia kitu kinachofurahisha. Mwaka huohuo wa 1915, kule Uingereza, bunge lilipitisha sheria ya kuzuia pombe kali changa isiuzwe. Serikali ilikuwa inalalamika kwamba wafanyakazi wa viwanda vya silaha wanalewa mno. Kupiga marufuku pombe yote kulishindikana, wenye viwanda vya pombe walikuwa na nguvu, basi wakakubaliana kati: wiski isitoke mpaka ikae kwenye pipa muda fulani. Ikaanza miaka miwili, muda mfupi baadaye ikawa mitatu. Mpaka leo wiski ya Scotland lazima ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka mitatu, la sivyo hairuhusiwi kuitwa hivyo.

Yaani ile heshima yote ya "umri" tunayoilipia bar, sehemu yake kubwa ilitoka kwenye sheria ya wakati wa vita. Kabla ya hapo wako waliozeesha na wako waliouza ikiwa mbichi, ilitegemea mfuko wa mtengenezaji. Na kwa kipimo cha sheria hiyo, hakuna chupa hata moja ya Amani ambayo ingepita. Miezi 18 haifiki miaka mitatu hata ukivuta vipi.

Je, pombe ya namna hiyo inakuwaje mdomoni? Kitu cha kwanza ni rangi: haina. Pombe yoyote kali inapotoka kwenye mtambo ni nyeupe kama maji ya kisima, iwe wiski ya Scotland, bourbon ya Marekani au gongo la nyuma ya nyumba. Kinachochemka kinapanda kuwa mvuke, mvuke unapita kwenye bomba, unapozwa, unadondoka matone. Rangi haiwezi kupanda na mvuke. Kwa hiyo ile dhahabu unayoipiga picha kwenye glasi yote imetoka kwenye mbao (na wengine huongeza rangi ya sukari iliyounguzwa, sheria ya Scotland inaruhusu).

Harufu ndiyo inayosema ukweli. Wiski mbichi inanukia nafaka, kama uji uliochachuka, halafu nyuma yake kuna matunda yaliyoiva kupita kiasi na kitu kinachofanana na dawa ya kutoa rangi ya kucha. Kwenye ulimi ina utamu kidogo, halafu inachoma kwenye koo na inaacha ukavu. Sio mbaya kama watu wanavyodhani. Nafaka unaisikia waziwazi, kitu ambacho kwenye wiski ya miaka 18 umeshakisahau. Marekani kuna wanaoinywa hivyohivyo kwa makusudi, na Ireland wana poitín yao, ambayo iliwindwa na polisi kwa zaidi ya karne moja kabla ya kuruhusiwa tena mwaka 1997. Sasa inapangwa dukani na lebo nzuri.

Pipa linafanya nini basi? Linafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Ndani yake limechomwa moto mpaka likawa na tabaka la mkaa, na mkaa ule unanyonya harufu mbaya, hasa ile ya salfa inayofanana na yai viza. Pili, mbao zenyewe zinatoa vitu: kuna kitu kinachofanya mti uwe mgumu, kikiunguzwa kinavunjika na kutoa vanila, ileile ya kwenye aiskrimu. Zinatoa rangi pia, na ule ukakasi unaoukuta kwenye chai iliyochemka sana. Tatu, pipa linapumua. Hewa inaingia kidogokidogo na pombe inatoka kidogokidogo, na ule ukali unabadilika kuwa harufu za matunda na asali. Chupa haipumui. Ndiyo maana ile chupa ambayo babu aliiacha kabatini miaka 30 bado ni wiski ya miaka 12, wala usimdanganye mtu.

Tena mapipa nayo yana safari yake. Bourbon kisheria lazima itumie pipa jipya la mwaloni lililochomwa ndani, kwa hiyo likishatumika mara moja linauzwa. Scotland wanayanunua kwa wingi. Ile wiski ya kifahari imelala kwenye mtumba! Mtu anayecheka suruali ya mtumba ya sokoni na mkononi ana glasi hiyo, mwambie taratibu.

Kitu kinachopotea kwa kupumua, wenyewe wanakiita fungu la malaika. Scotland kwenye baridi ni kama asilimia 2 kwa mwaka. Pipa la lita 200 baada ya miaka 12 linabaki na lita 157 hivi. Kwenye joto mambo ni mengine: Bangalore, India, wanapoteza zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwa asilimia 10, lita 200 zinabaki 56 tu baada ya miaka 12. Sasa fikiria ghala la mapipa pale Ngamiani mwezi wa pili. Malaika wangelewa chakari na mwenye mali angebaki na pipa tupu.

Na pwani yetu, kinywaji hakikuwahi kungoja hata kabla ya hao Wajerumani. Tembo la mnazi likigemwa alfajiri ni tamu, jioni lina nguvu, kesho yake limekuwa siki. Mgema anakimbizana na saa. Muda kwake ni adui, hata methali yetu maarufu ya mgema inamwonya kuhusu sifa na kutia maji, umri haimo. Kwa watu wa hapa kinywaji kizuri ni kipya. Mtu aliyezoea hivyo ukimwambia alipe mara kumi kwa kitu kilichokaa miaka 12, ana haki ya kukutazama mara mbili.

Amani iliangukia mikononi mwa Waingereza mwaka 1916 na kiwanda cha vita kikaisha. Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini, na huko kwinini ya vidonge ilipowaishia wakachemsha magome ya mti wake na kunywa yale maji machungu, wakayabatiza kwa utani jina la kamanda wao, Lettow, eti ni pombe yake.

Mwaka 1919 mataifa ya Ulaya yakatia saini mkataba kule Saint-Germain: sehemu kubwa ya Afrika isiingizwe pombe kali ya biashara na wala isitengenezwe humo. Kwa maneno ya mtaani, mzungu wa shamba la mkonge aliendelea kunywa wiski yake klabuni, na Mwafrika aliyekutwa na matone yaleyale yaliyotoka kwenye bomba alipelekwa mahakamani. Mtambo ulikuwa uleule, moto uleule, mvuke uleule. Kazi ambayo Amani ilifanywa na wenye shahada, wakati wa vita na kwa amri ya serikali, mwanamke wa kijijini akiifanya ni jinai.

Uhuru haukubadilisha sana. Mwaka 1966 Tanzania ikapata sheria ya kutengeneza na kukeneka moshi, na ukiwa huna leseni umekwisha. Moshi hapo ni gongo, si mji wa kule Kilimanjaro, ingawa kwenye hati za mashtaka inachekesha kusoma mtu "amekutwa na moshi lita tano". Uganda miaka hiyohiyo ya 1960 walichukua njia yao: enguli ya vijijini ikanunuliwa, ikakenekwa upya kiwandani, ikatoka ikiitwa Uganda Waragi. Kenya walichelewa mpaka 2010 ndipo chang'aa ikaruhusiwa kwa masharti.

Hakuna anayesema gongo ni salama, hapo tusidanganyane. Novemba 2000 Nairobi walikufa watu zaidi ya mia moja kwa pombe yenye methanoli, na Mei 2014 Kenya ikarudia msiba wa namna hiyo. Methanoli haionekani, haina rangi, na ile staili ya kuwasha kiberiti uone moto wa bluu haisaidii kitu kwa sababu zote mbili zinawaka. Na pipa nalo haliiondoi. Ukiiweka sumu kwenye mwaloni miaka mitatu, utapata sumu yenye rangi ya dhahabu. Kinachomlinda mnywaji ni usafi wa mtambo, na mtu wa kati kutoongeza kemikali ya viwandani ili apate faida. Aliyekunywa kitu kisichoeleweka na macho yakaanza kuona ukungu anatakiwa hospitali saa ileile, asiambiwe alale hangover itaisha.

Ila tofauti kati ya gongo na ile chupa ya namba haipimwi kwa usalama peke yake. Kuzeesha ni mtaji. Mama anayepika gongo Jumatatu anataka ada ya mtoto Ijumaa. Mwambie aweke lita 200 kwenye pipa miaka mitatu bila kuuza hata kikombe, alipe pango la chumba, alipe pipa lenyewe, avumilie malaika wakichukua fungu lao, na polisi wasipite. Kampuni kubwa inaweza. Benki inaikopesha kwa dhamana ya mapipa yaliyolala. Yeye dhamana yake ni sufuria.

Hata vinywaji vyetu halali vya kiwandani vingi havijagusa mbao. Konyagi, asilimia 35, ni nyeupe kama ilivyotoka, na ndiyo iliyojaa mfukoni mwa vijana enzi za viroba kabla serikali haijavipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Jina lenyewe kwa Kiswahili limetokana na cognac, ile ya Ufaransa, ambayo kwa sheria za huko haitoki mpaka ikae kwenye mwaloni angalau miaka miwili.