Mujibu wa Sheria: Kidato cha Sita Kambini

Bukta ya bluu iliyokoza, yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, inayofika magotini. Fulana ya kijani. Raba za kijani au za bluu. Shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, na nguo nzito kwa waliopangiwa mikoa ya baridi. Kila baada ya mitihani ya kidato cha sita, tangazo la Jeshi la Kujenga Taifa hutoka na orodha ya namna hii, pamoja na majina ya vijana na kambi walizopangiwa, na nyumba nyingi za Tanzania huingia katika pilikapilika. Mzazi wa Tanga anasaka nauli ya Kigoma. Wa Mwanza anauliza majirani Mlale iko upande gani wa Songea. Kijana mwenyewe, ambaye hadi jana alikuwa akikariri fizikia, anakwenda kinyozi.

Vijana hao huitwa wa mujibu wa sheria, au kwa kifupi mujibu, ili wasichanganywe na wenzao wanaojiunga kwa kujitolea. Safari yao ni tofauti na zile za shule za Ulaya na Marekani, ambazo siku hizi huwaleta wanafunzi wao Moshi na Arusha kwa wiki mbili tatu, wapake rangi madarasa, wacheze mpira na watoto wa kijiji, wapande mlima kidogo, kisha warudi kwao. Hizo ni safari nzuri na wanaozilipia wana nia njema. Lakini Tanzania ilikuwa na safari yake ya vijana wa sekondari, kubwa kuliko hizo na ngumu kuliko hizo, na ilianza kwa ugomvi mkubwa.

Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilizinduliwa tarehe 10 Julai 1963, nchi ikiwa haijatimiza miaka miwili ya uhuru. Wazo lilitoka kwa Umoja wa Vijana wa TANU, chama kilichokuwa kikitawala. Vijana wengi waliomaliza shule ya msingi walikuwa wakikimbilia mjini bila kazi, huku mapori yakisubiri kufyekwa na barabara zikisubiri kuchimbwa. Israeli, iliyokuwa imeshaunganisha kilimo na mafunzo ya kijeshi katika vikosi vyake vya vijana, ilisaidia kuuchora mpango na kutoa wakufunzi. Hapo mwanzo kila aliyeingia aliingia kwa hiari.

Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi. Jeshi lile la kurithi kutoka kwa mkoloni lilivunjwa, na serikali ilipounda jeshi jipya, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, iliwatafuta askari wake miongoni mwa vijana wa TANU na wa JKT. Tangu hapo jembe na bunduki vilikaa kambi moja. Uzito wa kwata na lindo katika maisha ya JKT unaanzia katika ule mshtuko wa Januari.

Waliokuwa hawaji kambini ni wasomi, na hilo lilimkera Rais, Mwalimu Nyerere. Mwaka 1966 wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo walikuwa wachache sana, na kila mmoja alisomeshwa kwa kodi ya wakulima ambao wengi wao hawakujua kusoma. Serikali ikapendekeza kwamba wahitimu hao watumikie taifa kwa miaka miwili: miezi michache kambini, na muda uliobaki kazini, wakilipwa sehemu tu ya mshahara.

Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jijini, waliandamana wakiwa na majoho yao ya chuo. Mabango yao yalisema masharti ni makali mno. Moja lilidai kwamba hata enzi za mkoloni zilikuwa afadhali. Walipofika Ikulu, Nyerere aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akawaka. Aliwaambia kwamba wanachokipigania ni mishahara, na kwamba mishahara ya wakubwa wote nchini, wa kwake ukiwamo, ni mikubwa kupita kiasi. Papo hapo akatangaza kupunguza wa kwake kwa asilimia 20, na mawaziri wake wakafuata. Wanafunzi zaidi ya 300 walifukuzwa na kurudishwa makwao wakisindikizwa na polisi. Wengi wao walikubaliwa tena mwaka uliofuata.

Haifai kuipitia siku ile haraka. Ndani ya miezi minne lilitoka Azimio la Arusha, lililotangaza siasa ya ujamaa na kujitegemea, na mwezi mmoja baadaye, Machi 1967, waraka wa Elimu ya Kujitegemea. Hasira ya Ikulu ilikuwa imegeuka sera. Hata hivyo vijana wale nao walikuwa na hoja: hakuna aliyewauliza, na sheria iliyotungwa juu ya jasho la mtu ilistahili kumsikiliza mwenye jasho. Mpango ulioanza kwa amri ulibaki na kovu hilo. Hadi leo jina lake lenyewe linataja sheria.

Utii, hata hivyo, haukuwa tunda pekee la kambi wala lililo bora kuliko mengine. Bora zaidi lilikuwa kule kuchanganyika.

Siku kambini huanza kabla ya alfajiri. Filimbi inalia, hanga zima la kulala linaamka, na dakika chache baadaye kombania ziko barabarani kwenye mchakamchaka, mmoja akianzisha chenja na wengine mamia wakiitikia kwa kishindo cha miguu. Anayeanzisha ni yule mwenye sauti, na sauti haijali daraja la mtihani. Baada ya hapo ni usafi, gwaride, kwata, kisha shamba. Mtoto wa mfanyakazi wa benki na mtoto wa mvuvi wanapewa mstari mmoja wa kupalilia, na asiyejua kushika jembe anaonyeshwa na anayejua. Chakula ni ugali na maharage, kwa foleni. Anayetoka pwani anashangaa ukubwa wa tonge; wa bara anashangaa mwenzake anayeulizia wali. Usiku kuna lindo, na lindo la watu wawili usiku wa manane ni mahali pazuri pa kumjua mtu: kwao wanaozaje, wanazikaje, wanapanda nini mvua za kwanza zikinyesha.

Juu ya wote yuko afande. Na afande, hasa katika miaka ya mwanzo, mara nyingi alikuwa mtu aliyeishia darasa la saba au chini ya hapo, aliyeingia kwa kujitolea na kupanda ngazi kwa kazi yake. Kwa kijana aliyezoea kuitwa msomi kijijini kwao, kuamrishwa alale chini na mtu mwenye elimu ndogo kuliko yake lilikuwa somo ambalo shule isingeweza kulitoa. Kuruta ni kuruta. Wengine walilichukua kwa uchungu, wengine wakaondoka wakimheshimu yule afande kuliko mwalimu wao yeyote.

Kambi zenyewe zilitawanyika nchi nzima, na ramani yake inaonyesha nia. Ruvu iko karibu na Dar es Salaam, Makutupora iko Dodoma, Oljoro Arusha, Mafinga kwenye baridi ya Iringa, Bulombora Kigoma, Rwamkoma Mara, Maramba Tanga, Mlale Songea. Chita iko katika bonde la Kilombero, kwenye mashamba ya mpunga. Kijana aliyepangiwa mbali na kwao alikuwa anaiona nchi kwa mara ya kwanza, na aliiona kupitia dirisha la behewa la daraja la tatu.

Wengi, hata hivyo, safari walikuwa wameshaianza miaka miwili nyuma. Shule za kidato cha tano na sita zilikuwa chache, karibu zote za bweni, na wizara ilipanga wanafunzi kitaifa. Nyerere mwenyewe, mtoto wa Kizanaki kutoka Butiama, alitoka kwao mwaka 1937 kwenda shule ya serikali ya Tabora, akasoma na vijana wa makabila ambayo asingekutana nayo ukanda wa ziwa. Katika enzi za mkoloni bahati hiyo waliipata wachache. Baada ya uhuru ikawa utaratibu. Mwanafunzi wa Bukoba aliyepangiwa Songea alipewa waranti ya kusafiria, akapanda meli hadi Mwanza, akachukua treni kupitia Tabora hadi Dodoma, kisha basi hadi Iringa na Makambako, na mwisho ile barabara ya kupitia Njombe, ambayo haikupata lami mpaka miaka ya 1980. Safari ilikula siku kadhaa. Njiani alikula chakula cha kila stesheni na kusikia Kiswahili cha kila lafudhi, na alipofika alikuwa ameshapata marafiki ambao hakuwa nao Bukoba.

Kwa hiyo kijana wa kidato cha sita wa miaka ya 1970 aliingia JKT akiwa tayari ameng'olewa kwao mara moja. Kambi ilimng'oa mara ya pili. Na nje ya kambi kulikuwa na kazi nyingine iliyowahitaji waliosoma. Mwaka 1967 takriban theluthi mbili ya watu wazima nchini hawakujua kusoma na kuandika. Hadi 1975, baada ya kampeni kubwa ya elimu ya watu wazima, kiwango hicho kilishuka hadi asilimia 39. Wanafunzi wa sekondari walikuwa miongoni mwa waliosimama mbele ya ubao jioni, wakifundisha watu wenye umri wa baba na mama zao, ambao kwa desturi wangepaswa kuwaamkia kwanza. Waliwaamkia, kisha wakaanza na irabu.

Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma. TANU iliamua kwamba hakuna tena kutoka kidato cha sita na kuingia chuo kikuu moja kwa moja. Kijana angekwenda JKT mwaka mmoja, kisha afanye kazi, na chuo angekiona tu akipata mapendekezo ya mwajiri na ya chama. Shabaha ilikuwa ileile ya 1966, kumzuia msomi asijitenge. Walioumia ni wasichana. Miaka mitatu ya kungoja ilimaanisha posa, ndoa, watoto na shinikizo la nyumbani, na idadi yao chuoni ikaporomoka haraka hivi kwamba serikali ikalazimika kuwalegezea sharti la kufanya kazi kwanza. Mpango uliosifiwa kwa usawa ulikuwa umepimwa kwa kipimo cha mvulana, na hilo lisisahauliwe na wanaoikumbuka miaka ile kwa mapenzi.

Mwishoni mwa 1978, Idi Amin wa Uganda alipovamia Kagera, mafunzo ya kambini yaligeuka kuwa ya kweli. Miongoni mwa makumi ya maelfu waliopelekwa mbele walikuwamo vijana wa JKT, baadhi yao wakipigana katika mkoa ambao wenzao wa hangani walikuwa wamewasimulia tu.

Vita ilimalizika kwa ushindi, lakini hazina ikabaki tupu. Miaka ya 1980 ilikuwa ya foleni za sukari na sabuni, na kambi hazikusalimika. Kulisha, kuvisha na kusafirisha maelfu ya vijana kila mwaka kulizidi uwezo, na mwaka 1994 mafunzo ya mujibu wa sheria yakasimamishwa.

Kenya, wakati huohuo, ilikuwa imejaribu na kuacha. Kuanzia 1984 serikali ya Rais Moi iliwataka waliochaguliwa kuingia chuo kikuu wapitie kwanza miezi mitatu ya Huduma ya Vijana kwa Taifa. Jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, ambalo wanafunzi wa Nairobi walilishangilia barabarani, lilikuwa bado halijasahaulika, na mafunzo yale yalilenga nidhamu kuliko jambo lingine lolote. Yalikoma mwaka 1990. Hapo ndipo tofauti inapoonekana: Tanzania nayo ilitaka nidhamu, tena sana, lakini juu yake iliweka kazi ya shambani na umbali kutoka nyumbani, na viwili hivyo ndivyo wahitimu wa zamani husimulia zaidi.

Mafunzo yalirudi mwaka 2013, JKT ikitimiza miaka 50. Wabunge kadhaa vijana waliingia kambini mwanzoni ili kuonyesha njia, wakavaa kombati na kukimbia mchakamchaka mbele ya kamera, kisha wakafuata wahitimu wa kidato cha sita. Kati ya 1994 na 2013 kizazi kizima kilikuwa kimepita bila kambi, kikisoma katika shule za kata zilizojengwa karibu na nyumbani na katika shule binafsi za mijini. Shule za kata zilifungulia mlango watoto ambao zamani wangeishia darasa la saba, na hilo ni jambo kubwa. Lakini pia zilimaanisha kwamba kijana anaweza kumaliza kidato cha nne bila kulala hata usiku mmoja nje ya wilaya yake. Kwa vijana kama hao kambi ya leo ina kazi nzito kuliko ya 1975, na muda mfupi zaidi wa kuifanya.

Muda huo ni miezi mitatu. Kwa kwata na shabaha inatosha. Kwa marafiki wa mikoa mingine inatosha pia, kama simu zinavyothibitisha miaka baadaye. Kwa kilimo haitoshi. Mitihani ya kidato cha sita hufanyika Mei, na mujibu huripoti masika yameshakwisha. Katika kambi za nyanda za juu kusini mahindi hupandwa Novemba na Desemba. Aliyekaa mwaka mzima Mlale au Mafinga aliyapanda, akayapalilia, akayavuna na kuyala. Anayekwenda Juni huyakuta yamekomaa shambani, akasaidia kuyavuna, na mvua za kwanza zinapoanza yeye ameshavua kombati na yuko chuoni.